Waliipima dunia kwa kivuli, kisha wakakataa kwamba inazunguka jua

Kuna swali moja kuhusu Wagiriki wa kale linaloifungua sayansi yao vizuri kuliko kukariri majina ishirini. Kufikia karne ya 3 KK wasomi wao walishajua kwamba dunia ni tufe. Walishaipima, wakapata jibu lisilo mbali na la leo. Na mmoja wao, Aristarchus wa Samos, alitamka wazi kwamba jua limetulia na dunia ndiyo inayolizunguka. Sasa ilikuwaje wenzake, watu waliopenda hesabu na ushahidi kiasi kile, walisikie wazo hilo kisha waliweke kando, likae huko karibu miaka 1,800?

Jibu linalosambaa ni kwamba dini iliwafunga midomo, au kwamba kiburi kiliwafanya wajione lazima wakae katikati ya ulimwengu. Ni jibu tamu, lakini jepesi. Wagiriki walikuwa na sababu za kulikataa wazo la Aristarchus, na iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa sababu nzuri ya kisayansi. Walikosea kwa kufuata ushahidi waliokuwa nao.

Walichokikuta na walichokiongeza

Kwanza tuondoe ubishi mmoja. Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba binadamu alianza kufikiri Athens, na wapo wanaojibu kwamba Wagiriki waliiba kila kitu Misri. Upande wa kwanza umekosea zaidi, tena kwa karne nyingi vitabuni, lakini wa pili nao hautufikishi mbali. Herodotus, Mgiriki mwenyewe, aliandika kwamba jiometri ilianzia Misri katika kupima mashamba. Chuo Kikuu cha Yale kinahifadhi kibao cha udongo cha Wababeli, YBC 7289, chenye mchoro wa mraba uliokatwa kona kwa kona, pamoja na kipeuo cha pili cha 2 kilicho sahihi hadi desimali ya tano. Kibao hicho kiliandikwa zaidi ya miaka 1,000 kabla Pythagoras hajazaliwa. Katika kukusanya takwimu na kukokotoa, Wagiriki walikuwa wanafunzi, na walibaki wanafunzi kwa muda mrefu.

Walichokiongeza kilianza kuonekana Miletus, mji wa bandari kwenye pwani ambayo leo ni ya Uturuki, katika karne ya 6 KK. Anaximander wa mji huo alisema dunia imetulia katikati bila kushikiliwa na chochote. Kwa nini basi haianguki? Kwa sababu, alijibu, iko umbali sawa na pande zote, kwa hiyo haina sababu ya kwenda huku badala ya kule. Dunia aliyoifikiria ilikuwa na umbo la kipande cha nguzo, upana wake mara tatu ya kimo, nasi tukiishi juu yake. Jibu lenyewe tuliache. Cha kutazama ni namna alivyojibu: ametoa hoja ambayo mtu mwingine anaweza kuishika na kuibomoa. Na haikukawia kubomolewa, maana Anaximenes wa Miletus hiyohiyo alikuja na dunia bapa inayobebwa na hewa.

Tabia hiyo unaiona hata kwa matabibu. Miongoni mwa maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates wa Kos kuna moja linalozungumzia kifafa, ambacho waganga wa wakati ule walikiita ugonjwa mtakatifu. Mwandishi anasema kifafa si kitakatifu kuliko maradhi mengine, kwamba chanzo chake kiko kwenye ubongo, na kwamba wanaokiita kitakatifu wanaficha kutojua kwao nyuma ya miungu. Halafu anatoa kipimo: mbuzi nao hupatwa na kifafa, basi mpasue mbuzi wa namna hiyo kichwa, utakuta ubongo umejaa maji na unanuka. Maelezo yake kuhusu makohozi kuziba mishipa hayakuwa sahihi hata kidogo. Lakini kumwambia msomaji apasue aone mwenyewe ni jambo zito.

Wanahistoria wengi wanaihusisha tabia hii na maisha ya miji yenyewe, yenye mabaraza na mahakama ambako raia alilazimika kuwashawishi wenzake kwa hoja. Raia maana yake wanaume huru. Wanawake na watumwa hawakuwa na kauli barazani.

Dunia ni tufe, na sababu ni hizi

Aristotle (384–322 KK) anakumbukwa zaidi kwa makosa yake, jambo ambalo mimi naliona kama uonevu. Ni yeye aliyekaa kando ya ghuba ya kisiwa cha Lesbos akichunguza pweza na samaki, na aliyepasua mayai ya kuku siku baada ya siku kuona kifaranga kinavyoumbika. Na ndiye aliyeacha hoja zilizomaliza mjadala wa umbo la dunia.

Ya kwanza: mwezi unapopatwa, kivuli kinachoufunika ni kivuli cha dunia, na ukingo wake siku zote ni wa mviringo. Sahani nayo inaweza kutupa kivuli cha mviringo, lakini si kwa kila pembe. Kitu pekee kinachotoa kivuli cha mviringo kila mara ni tufe. Ya pili: ukisafiri kwenda kusini, nyota zinabadilika. Kuna nyota zinazoonekana Misri na Cyprus ambazo mtu wa kaskazini hazioni kabisa, na mabadiliko hayo hutokea kwa safari isiyo ndefu sana, ikimaanisha kwamba tufe lenyewe si kubwa mno. Akaongeza, kwa uangalifu, kwamba wanaodhani magharibi ya mbali inakaribiana na India si wajinga, maana tembo wako pande zote mbili.

Tangu hapo, kwa Wagiriki wengi waliosoma, suala la dunia kuwa bapa lilikwisha. Kilichobaki kilikuwa kipimo.

Kisima cha Syene

Aleksandria ilianzishwa mwaka 331 KK, na wafalme wa ukoo wa Ptolemy waliotawala Misri baada ya Aleksanda walifanya jambo ambalo miji ya Ugiriki haikuwa imelifanya kwa kiwango hicho: waliwalipa wasomi. Waliwapa makazi, chakula na maktaba kubwa. Mkuu mmojawapo wa maktaba hiyo alikuwa Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, ambaye wenzake walimtania kwa jina la Beta, yaani namba mbili, kwa kuwa katika kila fani alishika nafasi ya pili.

Eratosthenes alijua kwamba huko Syene, ambayo leo ni Aswan kusini mwa Misri, ifikapo adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote mwezi Juni, jua huwa la utosi. Masimulizi ya kale yanataja kisima ambacho siku hiyo mwanga ulifika hadi chini bila kivuli. Msomaji wa Dar es Salaam hatashangazwa na hilo, maana hulipata jua la utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Syene iko ukingoni mwa tropiki, kwa hiyo kwao ilikuwa mara moja tu. Aleksandria iko nje ya ukanda huo, na huko adhuhuri ya siku hiyohiyo kijiti kilichosimamishwa ndani ya bakuli la kupimia saa kilitoa kivuli.

Kivuli hicho kilichukua sehemu moja ya 50 ya duara zima, yaani nyuzi 7.2. Miale ya jua inatufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo pembe hiyo ni sawa na pembe iliyopo kwenye kitovu cha dunia kati ya miji hiyo miwili. Kama umbali wa Syene hadi Aleksandria ni sehemu moja ya 50 ya mzingo wa dunia, na umbali huo ni stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki), basi mzingo mzima ni stadia 250,000. Kazi imekwisha.

Stadia moja ilikuwa na urefu gani? Hapo wataalamu wanavutana. Ukichukua mita 157.5 unapata kilomita 39,375. Ukichukua mita 185 unapata 46,250. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni kilomita 40,008. Wanaopenda miujiza huchagua stadia fupi. Tukisema kweli, Syene haiko sawasawa kwenye mstari wa tropiki, haiko kusini kabisa ya Aleksandria bali imesogea mashariki kwa nyuzi 3 hivi, na stadia 5,000 ni namba iliyokamilika mno kuwa kipimo cha kweli. Pembe yake, lakini, ilikuwa karibu sahihi kabisa, na njia yake haina dosari.

Kuna jambo ambalo husahaulika kila kisa hiki kinaposimuliwa: kipimo hiki hakithibitishi kwamba dunia ni tufe. Kinaanza kwa kukubali kwamba ni tufe. Vivuli vilevile vingeweza kuelezwa kwa dunia bapa na jua lililo karibu, na wanafalaki wa China ya kale walifanya hivyo hasa: walichukua tofauti ya vivuli wakakokotoa kimo cha jua juu ya ardhi bapa, wakapata li 80,000, li ikiwa kipimo chao cha urefu. Hesabu yao ilikuwa safi. Waliachana na Eratosthenes kwenye dhana ya kuanzia, na dhana hiyo Eratosthenes alirithi kwa Aristotle. Namba peke yake haisemi kitu mpaka uiambie ni ya nini.

Aristarchus na jua kubwa

Aristarchus alikuwa mkubwa wa Eratosthenes kwa miaka kadhaa. Kitabu chake pekee kilichotufikia kinahusu ukubwa na umbali wa jua na mwezi, na ndani yake kuna hoja moja nzuri sana. Mwezi unapoonekana nusu kamili, pembetatu inayounganisha dunia, mwezi na jua lazima iwe na pembe mraba pale kwenye mwezi. Pima sasa pembe iliyopo kati ya mwezi na jua ukiwa hapa duniani, na jiometri itakupa uwiano wa umbali wao.

Alitumia nyuzi 87, akapata kwamba jua liko mbali kuliko mwezi kwa mara 18 hadi 20. Pembe ya kweli ni nyuzi 89 na dakika 51 (nyuzi moja ina dakika 60), na uwiano wa kweli ni karibu mara 390. Tofauti ya nyuzi 3 tu imeharibu jibu lote, maana unapokaribia nyuzi 90 kosa dogo hulipuka, na kujua ni saa ngapi hasa mwezi umefika nusu ni karibu haiwezekani kwa macho.

Hata hivyo jibu lake baya lilikuwa na nguvu. Jua na mwezi vinaonekana vina upana uleule angani, basi kama jua liko mbali mara 19, ni pana kuliko mwezi mara 19. Kwa kulinganisha na kivuli cha dunia wakati wa kupatwa kwa mwezi, alipata kwamba jua ni pana kuliko dunia karibu mara 7, yaani kwa ujazo zaidi ya mara 250. Inawezekana hapo ndipo swali lilipomjia: kwa nini kitu kikubwa hivyo kizunguke kidogo?

Maandishi yake kuhusu dunia kulizunguka jua yamepotea. Tunayajua kwa sababu Archimedes wa Syracuse, katika risala aliyomwandikia mfalme Gelon kuhusu idadi ya chembe za mchanga zinazoweza kuujaza ulimwengu, aliyataja kwa ufupi. Anasema Aristarchus amedai kwamba jua na nyota hazisogei, dunia inazunguka jua kwa duara, na nyota ziko mbali kiasi kwamba duara hilo zima ni kama nukta tu likilinganishwa na umbali wao.

Hilo la nukta ndilo muhimu. Aristarchus hakuliweka kama pambo. Alikuwa anajibu pingamizi alilojua litakuja.

Pingamizi lenyewe

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kidole kinaruka upande huu na ule mbele ya ukuta, ingawa hakijasogea. Aliyesogea ni mtazamaji. Wataalamu wanaiita paralaksi. Kama dunia inazunguka jua, basi kati ya Januari na Julai tunahama umbali mkubwa mno, na nyota zilizo karibu zinapaswa kuruka kidogo mbele ya zilizo mbali. Aristotle alishalisema hili kabla ya Aristarchus kuzaliwa: dunia ingekuwa inasogea, tungeona nyota zikibadili mahali, na hatuoni.

Wagiriki walitazama. Hawakuona chochote, msimu baada ya msimu. Basi kulikuwa na njia mbili: ama dunia haisogei, ama nyota ziko mbali kupita kiasi. Njia ya pili ilidai ulimwengu wenye utupu usio na kazi, mkubwa kuliko chochote kilichowahi kupimwa, kwa ajili tu ya kuliokoa wazo moja. Ukiwa mtu wa ushahidi na huna darubini, ungechagua ipi? Mimi naamini ningekuwa upande wa Aristotle, tena bila kusita.

Ukweli ni kwamba nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya jua ina paralaksi ya chini ya sekunde moja ya pembe, yaani gawanya nyuzi moja kwa 3,600. Jicho zuri la binadamu huishia kwenye dakika moja, ambayo ni sekunde 60. Hakuna Mgiriki ambaye angeweza kuiona.

Kulikuwa na pingamizi la pili, la hapa chini. Jiwe likirushwa juu wima hurudi palepale. Mawingu na ndege haviachwi nyuma kuelekea magharibi. Leo tunajua mtu wa Nanyuki, kwa kukaa karibu na ikweta, anazungushwa na dunia kwa mwendo wa takriban kilomita 1,670 kwa saa, naye hana habari. Kueleza kwa nini hana habari kunahitaji fizikia ya mwendo ambayo ilikuja baadaye sana. Claudius Ptolemy, mwanafalaki asiye wa ukoo wa wafalme wale, aliyeandika katika karne ya 2 BK, alikiri kwamba kwa upande wa mambo ya angani dunia kujizungusha kungeweza kukubalika. Ni hewa na mawingu vilivyomfanya alikatae wazo hilo.

Na dini? Mwandishi wa kale Plutarch anataja kwamba mwanafalsafa Cleanthes aliona Aristarchus anafaa kushtakiwa kwa kukufuru. Hakuna ushahidi wowote kwamba kesi ilifunguliwa. Anaxagoras, karne mbili nyuma, ndiye aliyepata taabu Athens kwa kusema jua ni jiwe la moto, akaishia uhamishoni Lampsacus. Kwa Aristarchus, wanahisabati wenzake walitosha kulizika wazo.

Kilichoshinda kilifanya kazi

Wazo la kwamba dunia imetulia lilikuwa na faida nyingine: lilitoa hesabu zinazofaa. Mwanafalaki Hipparchus, katika karne ya 2 KK, alizichukua kumbukumbu za Wababeli za kupatwa kwa mwezi, zilizorundikwa kwa karne nyingi, akaziunganisha na jiometri ya Kigiriki. Urefu wa mwezi mwandamo aliotumia ulikuwa wa Wababeli: siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde 3 na kitu. Haupishani na wa leo hata kwa sekunde moja. Anayefuatilia mwandamo wa mwezi wa Ramadhani leo anafuata mzunguko uleule walioupima makarani wa Babeli.

Mwaka 1901 wazamiaji wa sponji walitoa kutoka meli iliyozama kando ya kisiwa cha Antikythera donge la shaba iliyooza. Ndani yake mna gurudumu za meno zisizopungua 30, mojawapo lenye meno 223, idadi ya miezi katika mzunguko wa Kibabeli wa kubashiri kupatwa kwa jua na mwezi. Donge hilo liko katika makumbusho ya taifa ya Athens. Lilikuwa mashine ya kukokotoa mambo ya angani. Ulimwengu uliomo ndani ya mashine hiyo ni wa kutazama kutoka duniani, na ulitabiri vema.

Ptolemy ndiye aliyekamilisha jengo lote, kwa duara dogo linalobebwa na duara kubwa ili kueleza kwa nini Mars huonekana wakati mwingine ikirudi nyuma. Kitabu chake tunakijua kwa jina lililopitia Kiarabu, Almagest. Katika kitabu kingine, cha jiografia, alikusanya taarifa za mabaharia na kuutaja mji wa Rhapta katika Azania, ambao wanahistoria wengi huuweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Mahali hapo alipapatia kwa kukisia siku za safari; anga alilipatia kwa vipimo.

Mfumo wake ulikuwa na mashimo. Kwa mujibu wa hesabu zake, mwezi ungepaswa wakati fulani kuonekana karibu mara mbili ya upana wake wa kawaida, na kila mtu anaona hauko hivyo. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha kumpinga. Ibn al-Shatir wa Damascus, katika karne ya 14, alitengeneza mfumo mpya wa mwezi usio na dosari hiyo, na ule wa Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya aliyekuja kulifufua wazo la dunia kulizunguka jua, ni sawa na wake.

Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543 hakuwa na jibu jipya kwa pingamizi la kale. Alisema alichosema Aristarchus: nyota ziko mbali sana. Katika hati yake ya mkono alimtaja Aristarchus kwa jina, kisha akaifuta sehemu hiyo. Tycho Brahe, mtazamaji bora kuliko wote kabla ya darubini, aliitafuta paralaksi, akaikosa, akakataa dunia kusogea kwa sababu ileile ya Aristotle. Wazo lilishinda kupitia milango mingine, kwa Kepler, Galileo na Newton, huku pingamizi lenyewe likiwa bado halijajibiwa.

Lilijibiwa mwaka 1838. Friedrich Bessel, huko Königsberg, alitangaza kwamba nyota iitwayo 61 Cygni inasogea kwa karibu theluthi moja ya sekunde ya pembe. Wakati huo hakukuwa na mtu wa kumshawishi. Hata Kanisa Katoliki lilikuwa limeshakiondoa kitabu cha Copernicus kwenye orodha yake ya vitabu marufuku, katika toleo la 1835, miaka mitatu kabla ya kupatikana ule ushahidi aliokuwa akiudai Aristotle.